Mikono Kumi na Miwili

Katika chumba chetu cha kufumia masweta, mikono yote miwili ya sweta moja hufumwa na mtu mmoja. Sheria hiyo niliiweka mimi, na nilikuwa na sababu. Kila mfumaji ana mvuto wake wa uzi. Huyu hukaza, yule hulegeza, na hata umseme mwaka mzima habadiliki. Ukichukua mkono wa kulia kwa huyu na wa kushoto kwa yule, sweta litapendeza siku ya kwanza tu. Likishafuliwa mara mbili, mkono mmoja unafunika kiganja na mwingine unaishia karibu na kiwiko, na mama wa mtoto anakuja mlangoni kwako ameshika kiuno.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sehemu yake. Migongo ilikuwa ya mwanamke tuliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Vifua vilikuwa vya Mama Pacha. Shingo zilikuwa za Kimya, ambaye anaweza kukaa na wewe toka asubuhi hadi mchana akasema "ehe" mara mbili, na moja kumbe alikuwa anakohoa. Mimi niliunga. Vipande vyote vilikuja kwangu, nikavipiga pasi, nikaviunganisha kwa sindano nene mpaka vikawa nguo. Na mikono yote, kwa miaka ishirini na sita, ilikuwa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu wa tumbo moja. Alinifuata mimi kuzaliwa, hakuna mwingine katikati. Nilimbeba mgongoni nami mwenyewe nikiwa mtoto, miguu yake ikiburuta chini, watu wakitucheka. Nilimfundisha kushika sindano za kufumia, akanipita kabla mwezi haujaisha. Aliumwa kifua kwa wiki sita, akafariki Alhamisi mchana.

Kazi iliyokuwa mbele yetu wakati huo ni masweta arobaini ya kijani ya watoto wa darasa la kwanza. Uzi ulipimwa kwa masweta arobaini, haukuzidi hata kidogo, kwa kuwa wote ulitiwa rangi siku moja katika sufuria moja. Ukiongeza uzi wa siku nyingine kijani hakifanani, hata mtia rangi aape vipi.

Mwalimu mkuu alikuja kunipa pole nyumbani. Alikaa, akanywa maji, akazungusha bilauri mkononi. Mwishowe akasema, "Bibi, sikutaka kuyasema hapa. Lakini shule inafunguliwa Jumatatu, baada ya wiki tatu. Kama haitawezekana niambie mapema. Kiwanda kimenipigia simu mara mbili, na hao wakishaingia hawatoki."

Hakusema kwa ubaya. Nilimjibu macho makavu. "Utapata masweta yako arobaini."

"Una uhakika, Bibi?"

"Mwalimu, mimi nimeshawahi kukuangusha?"

Akasema hapana, na ni kweli.

Tuliporudi kazini tulikuwa wanawake wanne na viti vitano. Hakuna aliyekigusa kile cha dirishani. Nilifungua kabati, nikahesabu. Miili ishirini na minane, yaani mgongo na kifua chake. Mikono thelathini na miwili. Nikauliza, "Haya, mikono itakuwaje?"

Mama Pacha akajikuna kisogo. Kimya akatazama sakafu. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifungua mdomo akaufunga. Nililielewa jambo lile. Nani angesema "nipe mimi" na udongo haujakauka? Ingeonekana kama mtu alikuwa anakimezea mate kile kiti siku zote. Basi nami badala ya kusema neno, nikaogopa kama wao. Nikasema, "Tuache kwanza. Kila mtu aendelee na yake."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili nilikuwa nimeshalifanya.

Wiki yake ya mwisho mdogo wangu alifuma kitandani, ameegemea mito mitatu. Mume wake ndiye aliyekuwa akimhesabia mistari, kwa sababu homa ilimpotezea hesabu. Alifuma mikono kumi na miwili. Siku moja baada ya mazishi shemeji yangu aliniletea kwenye mfuko, akaniwekea magotini, akasema, "Hii ya kazini." Nikasema, "Nitaipeleka." Sikuipeleka. Niliitia ndani ya foronya, nikaifunga fundo, nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu la nguo. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, nikishatulia nitaipeleka. Siku mbili zikapita, nikajiambia tena kwamba nitafuma mingine kumi na miwili mahali pake, na hakuna atakayejua. Uzi ni ule ule, idadi ni ile ile. Nani atakuwa amepungukiwa?

Nikaanza. Kila nilipotoka kazini nilipita na kibonge kimoja cha uzi ndani ya mkoba, na jioni nikafuma mikono nyumbani kwangu.

Lakini baada ya siku nne hivi niliona kapu la uzi linashuka kuliko nilivyochukua mimi. Nikatazama kwa makini. Linashuka kweli. Nikasema, panya hao. Panya hupenda uzi wa sufu kwa kutengenezea viota. Nikanunua mtego, nikautega ndani ya kapu, chini ya vibonge vya juu. Kesho yake mtego ulikuwa umefyatuka na panya hayumo. Kimya alikuja kazini na kidole kimefungwa kitambaa.

"Kidole kimefanya nini?" nikamuuliza.

"Mlango."

Nikampa pole, nikautega mtego upya.

Kazi nayo ilikwenda kwa kujikokota. Redio alikuwa anasinzia na sindano mkononi, mgongo mmoja unamchukua siku mbili. Mama Pacha alipiga miayo mpaka machozi. Nikasema moyoni, ni huzuni, waache. Mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia kwenye pasi, na nguo moja nilikaribia kuiunguza.

Na kila siku saa kumi alasiri, shemeji yangu alikuja. Alikuwa dereva wa lori, amestaafu, na kwa miaka mingi alikuwa anakuja saa kumi kumchukua mkewe warudi pamoja. Sasa hakuna wa kumchukua, naye bado anakuja. Anaketi kwenye benchi la nje, mikono juu ya magoti, mpaka sisi tufunge, kisha anaondoka peke yake. Hakuna aliyemuuliza. Redio alimtolea maji, akamwambia, "Shemeji, ukizidi kukaa hapo tutakutoza kodi ya benchi." Alicheka kidogo. Kesho yake akaja tena.

Ilipobaki wiki moja, Jumatatu alasiri, nilisimama katikati ya chumba nikasema, "Jamani. Tumebakiza siku saba na kabatini mna mikono ya masweta kumi na sita tu. Tusidanganyane. Nina kitu nataka kuwaonyesha." Nikashika mkoba wangu, kwa sababu nilikuwa na mikono kumi niliyokwisha kuifuma, nikaona niseme nimeifuma kwa kusaidia. Lile la foronya sikukusudia kulitaja.

Kabla sijafungua, Redio akaruka. "Dada, subiri! Naomba msinicheke." Akavuta mfuko wa plastiki chini ya kiti chake. Akamimina mezani mikono kumi na sita. "Nilikuwa nafuma nyumbani. Sikutaka mseme nimeshika kiti cha marehemu. Nikasema siku moja nitaileta tu, nimalize maneno."

Mama Pacha akamkodolea macho. Akainuka bila kusema kitu, akaenda kwenye kikapu chake cha chakula, akatoa mikono kumi na minne.

"Wewe!" akasema Redio.

"Mimi nini? Kwani wewe ulikuwa na ruhusa?"

Kisha Kimya. Hakutoa mfuko. Alifungua droo ya mashine ya kushonea, ambayo hakuna anayeifungua kwa sababu mashine yenyewe ni mbovu, na ndani imejaa pomoni. Mikono ishirini, imekunjwa miwili miwili. Nikamtazama kidole.

"Mlango, eti?"

"Mtego wako, Dada," akasema Kimya.

Hapo Redio alianguka chini kwa kicheko. Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikamimina ya kwangu kumi juu ya lundo, tukacheka upya, na katikati ya kicheko nikamwona Kimya machozi yanamtiririka, kisha wote tukawa tunalia, tukifutana nyuso kwa mikono ya masweta ya watu. Shemeji akasikia kelele, akaingia kutoka nje. Alilitazama lile lundo la kijani, akatutazama sisi.

"Hilo sweta," akasema, "mnamfumia pweza?"

Sijui lini nilicheka namna ile.

Lakini nguo ni hesabu, na hesabu ikaja. Mama Pacha ndiye mwepesi wa tarakimu, akachukua chaki akaandika ukutani. Mikono tisini na miwili, inatakiwa themanini. Miili thelathini na minne, inatakiwa arobaini. Shingo zipo zote. Na kapu la uzi ni tupu, hata uzi wa kufungia kifungo haumo. Yaani kila mmoja wetu alikuwa amekimbilia kuziba pengo la mdogo wangu, na pale pake mwenyewe akapaacha wazi. Uzi wa migongo na vifua ulikuwa umeishia kwenye mikono.

"Si tatizo," nikasema. "Tunafumua. Mikono minne inatoa mwili mmoja."

"Anza na yangu," akasema Mama Pacha. "Najua mimi hulegeza, mikono yangu ni kama soksi za babu."

Mama Pacha akarudi kwenye ukuta na chaki yake. Akaandika, akafuta, akaandika. Akapiga ulimi. "Haiji, Dada."

"Haiji vipi?"

"Hata tukifumua tukafuma, tukafumua tukafuma, tunapata masweta thelathini na manane. Mawili hayapo. Uzi wa mikono kumi na miwili umepotea."

Mimi nikajishughulisha na pasi.

Sasa naandika kitu ambacho sipendi kukiandika. Ningeweza kusema palepale. Watu watatu waliokuwa wametoka kuwekana wazi mpaka droo ya mashine, wasingenila. Lakini niliiona akilini ile foronya, na mikono yake ile iliyokazwa vizuri, mstari kwa mstari, nikaona kama nikiisema nitakuwa nimempeleka kaburini mara ya pili. Nikajisemea kwamba hawa wamepoteza mwenzao wa kazi, mimi nimepoteza mdogo wangu. Hasara yangu si sawa na yao, basi nina haki ya kidogo zaidi. Nikasema, "Tufumue kwanza. Tutaona."

Tukafumua mikono kumi na sita siku ile ile, ya Mama Pacha yote na miwili ya Redio. Shemeji alikaa kwenye kiti cha ziada, si kile cha dirishani, akinyoosha mikono yake mbele kama anayeomba, tukimzungushia uzi. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizosukwa, haufai hivyo hivyo. Unaufua kwa maji ya uvuguvugu, unautundika na kitu kizito chini yake mpaka unyooke. Tulitundika uzi na mawe, na kufuli la mlango, na birika la chai.

Jumanne, tukisubiri uzi ukauke, maneno yakaanza. Mama Pacha alianza kwa utani. "Mimi nasema tu, jamani, yule mjukuu wa Redio nilimwona juzi na kofia ya kijani. Ilimpendeza."

Redio akageuka polepole. "Kofia ile ni ya uzi wa mwaka juzi."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Sema tena uzuri."

"Kijani ni kijani."

"Miaka kumi na tisa," akasema Redio, na sauti yake ikawa ndogo, kitu ambacho hatujakizoea. "Miaka kumi na tisa ninakaa na nyie humu. Siku mdogo wenu anaumwa nilimwogesha kwa mikono yangu hii. Leo mimi mwizi wa uzi?" Akanitazama mimi. Mimi ndiye mkubwa wa chumba kile. Alitaka niseme neno moja tu.

Niliugusa uzi uliotundikwa kama umekauka. Sikusema.

Redio akakusanya sindano zake, akazifunga kwenye kitambaa, akaondoka. Jumatano hakuja. Kimya alifuma migongo badala yake, na chumba bila Redio kilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Alhamisi niliwahi kutoka kidogo kabla ya saa kumi. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye benchi lake. Nikaketi naye, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka, na labda kwa sababu nyingine.

"Redio bado?" akauliza.

"Bado."

"Mmh." Kisha akasema, "Shemeji, nikuulize. Jumatatu watoto wataingia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Kwa nini?"

Akaona haya, mzee mzima. "Nimepanga kwenda kusimama pale getini. Ile mikono kumi na miwili niliyokuletea, ni masweta sita. Watoto sita. Nataka nione hata mmoja akipita. Mwenyewe alikuwa akisema, nikishindwa kutembea, basi kazi yangu itatembea. Nilikuwa namhesabia mistari nikitaka kulia, yeye ananigombeza: we baba, umeruka hamsini na nne." Akacheka, akafuta pua. "Siku hizi nikiamka sioni cha kufanya. Nasema, Jumatatu ipo. Ninasubiri Jumatatu."

Mimi nilikuwa nimemfungia mkewe fundo chini ya sanduku, na yeye alikuwa anahesabu siku za kumwona akitembea barabarani. Nami nilijiita ndiye niliyepoteza zaidi.

Nikainuka. "Shemeji, utaniwia radhi. Nina safari."

Nilikwenda nyumbani, nikatoa nguo zote nikaziweka kitandani, nikachukua foronya. Sikuifungua. Nikaenda nayo moja kwa moja kwa Redio. Nilimkuta uani anaosha vyombo, ameupa mlango mgongo. Alijua ni mimi kwa hatua, lakini hakugeuka.

"Kama umekuja kupekua, kofia iko kwenye kamba," akasema.

Nikaweka foronya juu ya meza ya vyombo. "Fungua."

"Nina mikono ya sabuni."

"Futa, ufungue."

Akafungua fundo. Alitoa mmoja, akauvuta kidogo kwa vidole kama tunavyofanya kupima, na hapo akajua. Hakuna mwingine anayekaza namna ile. Akaketi kwenye kigoda.

"Alifuma lini?"

"Wiki ile ya mwisho. Shemeji aliniletea, nikaificha. Mwizi wa uzi ni mimi. Juzi ulinitazama nikakaa kimya, na hilo ni baya kuliko kuficha. Nimekuja kukuomba radhi, na kesho nitayasema mbele ya wenzako."

Redio alirudi kuuvuta ule mkono, mstari kwa mstari. Niliogopa. Nimezoea kumnyamazisha, sijazoea kumsubiri.

"Ungeniambia tu unaitaka," akasema. "Ningekusaidia kuficha."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungetangaza."

"Hilo nalo kweli." Akapangusa macho kwa kiwiko, mikono bado ina povu. "Sasa unataka kufanya nini nayo, Dada? Ukisema ubaki nayo, mimi nitamwambia mwalimu ni thelathini na nane. Nitamwambia mwenyewe. Anitafune."

"Wavae watoto," nikasema. "Yote."

"Hata mmoja hubakizi?"

Nilifikiri. Sitadanganya kwamba sikufikiri. "Mkono mmoja wa sweta una kazi gani kwangu? Nitaupigia stori?"

Ijumaa asubuhi tuliingia chumbani pamoja, mimi na Redio. Nikayasema yote nimesimama, bila kupamba. Mama Pacha alishika mdomo. Kisha akamwendea Redio, akasimama mbele yake, mzito na mnene kama alivyo, akasema, "Nipige kofi."

"Nitaumia mkono," akasema Redio. "Nipe chai."

Kimya alisema, "Tunafumua ipi?" Na hilo ndilo lililokuwa swali la maana, maana ili ile kumi na miwili ivaliwe yote mizima, ilibidi mikono mingine minane ife ili tupate miili miwili.

"Yangu," nikasema. Nilikuwa nimeiacha mwisho, bado sijaiunga. "Fumueni yangu minane. Mimi ni muungaji, mikono sikuwahi kuijua."

Hakuna aliyenibishia, na nilitegemea angalau mtu mmoja abishe kwa heshima. Redio alishika mkono wangu wa kwanza, akautazama kwenye mwanga, akasema, "Dada, na huu ulitaka uvaliwe na binadamu?" Akavuta uzi.

Tulifua uzi mchana ule, tukautundika. Jumamosi kila mmoja alichukua kipande kimoja: migongo miwili, vifua viwili, wanawake wanne. Shemeji alitukunjia vibonge, akatuhesabia mistari bila kuombwa, na kila aliporuka namba tulimpigia kelele. Jumapili nikaunga. Nilianza na masweta sita yale. Mkono wa mdogo wangu huungika vizuri, kingo zake hazitembei, sindano inajua inakokwenda. Nilifanya kazi ile kuanzia asubuhi mpaka jua lilipoondoka dirishani, na nilipomaliza nikakuta nimekaa kwenye kiti chake muda wote. Mwanga mzuri uko pale. Muungaji angepaswa kukaa pale toka zamani.

Nikasema bila kuinua macho, "Kimya, kuanzia kesho mikono ni yako. Shingo nitazichukua mimi."

"Ehe," akasema Kimya, na hakuwa anakohoa.

Jumatatu tulikuwa getini kabla ya kengele. Watoto walipokea masweta ofisini wakatoka mbio, kijani kitupu, wengine wameshavaa kinyume. Shemeji alisimama pembeni ya geti na shati lake la safari ndefu, lililopigwa pasi. Mimi niliwajua wale sita, masweta yao nilikuwa nimeyaunga kwa mikono yangu. Yeye alinyoosha kidole kwa msichana mmoja mdogo aliyekuwa akilia anamtaka mama yake, akijifuta makamasi kwenye sweta jipya.

"Yule pale," akasema. "Ona, ona ule mkono ulivyokaa."

Ule ulikuwa wa Kimya. Sikumsahihisha. Baadaye walipita wawili wa kweli, akawaangalia vilevile, akawa anawaangalia wote vilevile.

Mwalimu mkuu akatoka na daftari lake. "Bibi, nimehesabu. Arobaini. Sasa wazazi wa darasa la pili wamenishika shati, wanataka nao. Ni hamsini, kabla ya muhula kuisha." Akashusha sauti. "Lakini niambie kwa ukweli, nisije nikawabebesha mzigo. Mko wangapi sasa?"

Wenzangu wakanitazama. Nilikuwa sijawahi kulisema neno lile kwa sauti, wala hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Wanne," nikasema.

"Na nusu," akasema Redio. "Nusu ni huyu shemeji."

"Nusu ya juu au ya chini?" akauliza shemeji, na Mama Pacha akampiga begani mbele ya watoto wa watu.

Mwalimu akaandika hamsini. Nikamwambia aandike na tarehe kabisa, maana sisi hatupendi kazi isiyo na tarehe. Kisha tukashika njia ya kwenda kwa mtia rangi, kabla hajawasha moto kwa kazi ya mtu mwingine.